Wikiendi ya wawili Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili

Kila mara nasikia stori ileile kwa watu waliokuja Mwanza na wapenzi wao. Wamefika Ijumaa usiku wamechoka, Jumamosi wamelala mpaka saa nne, mchana wamezunguka kwenye bajaji juani, jioni wamenuniana, Jumapili wamepanda basi, na ziwa wameliona kwenye dirisha tu. Mji sio mbaya na hela haikuwa ndogo. Tatizo ni mpangilio, watu wanapanga kwa kuandika orodha ya sehemu kumi, wakati Mwanza inatakiwa upange kwa saa na kwa upande wa mji.

Kwahiyo hapa naenda hatua kwa hatua, na kila hatua nasema kwanini. Historia ya mji utaikuta kwingine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hamjatoka nyumbani

- Vitambulisho vyenu wote wawili, NIDA ikiwezekana. Hotelini mtaandikishwa, na kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane, mtakakoenda Jumamosi, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni wa nje, bila kitambulisho unajitafutia mabishano getini.
- Hela kwenye simu, na keshi kidogo ya noti ndogondogo. Malipo ya hifadhi yanaenda kwa kontroo namba, lakini bodaboda na mama wa samaki wanataka chenji.
- Viatu vyenye soli inayoshika. Sendo za kuteleza ziacheni chumbani, huu mji ni mawe.
- Kofia, mafuta ya jua, na sweta au kitenge cha jioni. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mchana jua linachoma na usiku upepo wa ziwani unaingia kwenye mifupa.
- Pawabenki.
- Ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, au mfuko imara wa kitambaa, kwa ajili ya dagaa za kurudi nazo. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, usitegemee kupewa sokoni.
- Dawa zenu za kawaida na ya kuzuia mbu. Malaria huku ipo, sio ya kuuliza.

## Hatua ya 1: Chagueni wikiendi, na mfike Ijumaa kabla ya giza

Miezi rahisi ni Juni mpaka Septemba, mvua haina kawaida ya kuwavurugia. Machi mpaka Mei ni masika, na kuanzia Oktoba mpaka Desemba kuna vuli, mnaweza kuja ila muweke akilini kuwa ziwa likikasirika boti hazitoki, mtakaa ndani. Kabla ya kulipa chochote ulizeni kama wikiendi hiyo kuna mechi kubwa pale CCM Kirumba au mahafali ya chuo, SAUT iko upande wa Malimbe na siku wanafunzi wake wanahitimu vyumba vya Nyegezi vinajaa wazazi.

Mnaotoka Dar, msije na basi kwa wikiendi. Barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, siku nzima inaishia njiani kwenda na nyingine kurudi, hapo wikiendi mmeitumia kwenye siti. Ndege ni kama saa moja na nusu hivi. Kama hela ya ndege haipo bora msubiri mpaka mpate ruhusa ya siku tano, nasema hivi kwa nia njema kabisa.

Wanaotoka Shinyanga au Musoma, ondokeni Ijumaa mchana. Wa Geita, Sengerema mpaka Bukoba mambo yenu yamenyooka tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za kupita juu ya maji, ile foleni ya kusubiri kivuko mkikodolea macho saa haipo tena.

Kufika kabla ya giza sio urembo. Mabasi ya Shinyanga na Dar yanashusha Nyegezi, ya Musoma yanashusha Nyamhongolo, na stendi zote mbili ziko mbali na katikati ya mji. Ukishuka saa nne usiku na mabegi, na mwenzio amechoka, bei ya bajaji anapanga dereva.

Hapa mmefanikiwa kama: saa moja jioni ya Ijumaa mabegi yapo chumbani na mmeshaoga.

## Hatua ya 2: Chagueni pa kulala kwa upande wa mji, sio kwa picha

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu anaona picha ya kitanda kina maua mtandaoni analipia, kumbe ni huko Buhongwa ndani, kila kitu anachotaka kufanya kiko mjini.

Elewa mji ulivyo. Kutoka katikati zinatoka barabara kubwa tatu. Makongoro inaenda Kirumba, Pasiansi, Ilemela mpaka uwanja wa ndege. Nyerere inaenda Mabatini, Nyakato, Igoma na kuendelea kuelekea Musoma. Kenyatta inaenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na kuendelea Shinyanga. Ukilala barabara moja na shughuli zako ziko barabara nyingine, mara nyingi utarudi mpaka mjini ndio ugeuze, na jioni hapo katikati panabana kwelikweli.

Kwa siku mbili chaguo ni hivi:

Capri Point au katikati ya mji. Hii ndio naipendekeza kwa wanaokuja mara ya kwanza. Capri Point kumetulia, ziwa liko mlangoni, boti za Saanane zinatokea hukohuko, na mjini ni bodaboda ya dakika chache. Bei iko juu kidogo, lakini mtaokoa nauli na ugomvi.

Ilemela, upande wa Malaika. Kwa wanaotaka kukaa ufukweni wasisumbuliwe, au wanaokuja na ndege maana uwanja uko upande huo. Ila usiku wa kuzunguka mjini utausikia kwenye nauli.

Isamilo na Bugando. Juu mlimani, mandhari mazuri, na vyumba vingi vya bei ya kati. Uliza kama gari au bajaji inafika mpaka getini, kuna sehemu zile ngazi za mawe na begi la magurudumu haviendani.

Kabla hujatuma hela piga simu uulize mambo manne: maji ya moto yapo? jenereta ipo umeme ukikatika? kuna baa au ukumbi jirani? chumba kinatazama wapi? Swali la tatu ndio muhimu kuliko yote, Jumamosi usiku spika za Mwanza hazina huruma. Omba wakutumie video ya chumba chenyewe, sio picha, na wakisita tafuta kwingine.

## Hatua ya 3: Ijumaa usiku msifanye mengi

Kuleni karibu na mnapolala, rudini mapema. Kaeni dakika kumi mkubaliane mambo mawili tu. La kwanza, kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho asipokifanya ataondoka na kinyongo, vitu hivyo viwili ndio uti wa mgongo wa wikiendi, vingine vyote vikipatikana sawa visipopatikana sawa. La pili, hela. Wekeni pamoja kwenye simu ya mmoja, na semeni kwa mdomo kiasi cha kutumia kwa siku, na kiasi ambacho hakiguswi mpaka mfike nyumbani. Ugomvi mwingi wa safari ninaousikia unaanzia hapa, mmoja anaagiza bila kujua mwenzie anahesabu kimoyomoyo.

Wekeni alamu ya saa 12 asubuhi. Najua ni wikiendi. Wekeni.

## Hatua ya 4: Jumamosi asubuhi, Saanane

Ziwa asubuhi limelala, upepo unaanza kusukuma kadiri jua linavyopanda, na mchana mawe yanakuwa ya moto hayakaliki. Kwahiyo Saanane ni asubuhi. Wanaoenda saa saba mchana ndio wanaorudi wanasema hamna kitu kule, wanyama wenyewe wako kivulini na wao wanatafuta kivuli.

1. Mkiamka mnywe chai nzito. Supu, chapati, chochote, ila msiende na njaa, na bebeni maji.

2. Saa mbili muwe ofisi za hifadhi Capri Point. Mnaonyesha vitambulisho, mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu, mnaingizwa kwenye utaratibu wa boti. Ulizeni hapohapo bei ya boti ni ya kichwa au ya boti nzima. Kama ni ya boti nzima na nyie ni wawili, msione aibu kusubiri kidogo wapatikane wenzenu wa kuchangia.

3. Vaeni jaketi la kuokolea na mlifunge kamba zote, hata kama mwenzio anasema linaharibu picha. Maji ni ya dakika kama kumi tu, lakini hili ndilo ziwa ilipozama meli ya MV Bukoba Mei 1996, watu wa huku hatufanyi mzaha na jaketi.

4. Mkifika mchukue muongozaji. Kisiwa ni kidogo, ndio hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, mnaweza kukizunguka wenyewe, ila macho ya askari wa hifadhi yanaona mamba aliyelala kama gogo ambaye nyie mngempita. Mtaona swala pala, pimbi wengi juu ya mawe, tumbili, kenge, na mijusi wale wa kichwa chekundu mwili wa bluu ambao watoto wa siku hizi wanawaita Spaidameni.

5. Pandeni Jiwe Kuu mapema, kabla ya kuzunguka chini. Miguu bado ina nguvu na jua halijakaa utosini. Juu pale unaona mji wote umekaa kwenye milima, nyumba zimebanwa katikati ya mawe makubwa, na ziwa mpaka macho yanachoka. Kama kuna maneno ya maana ulitaka kumwambia mwenzio, pete au chochote, mahali ndio hapo, na saa ndio hiyo, kabla makundi ya wanafunzi hayajafika.

Angalizo: mawe yaliyo karibu na maji yana utelezi hata yakionekana makavu. Msifungue chakula mbele ya tumbili, wanapora. Na msiingize miguu majini kwa ajili ya picha, kwanza mamba, pili sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 6.

Hapa mmefanikiwa kama: saa tano hivi mko kwenye boti ya kurudi, mna jasho, na hamjakimbizana.

## Hatua ya 5: Mchana ni samaki, kisha kulala

Kula samaki Mwanza kuna utaratibu wake, usipoujua utakula samaki wa jana kwa bei ya leo.

Sato ndio wa kula mzima, choma au wa kukaanga. Sangara ni minofu, ana nyama nyingi na mafuta, mzuri wa mchuzi au vipande vya kukaanga. Mkiwa wawili na hamna njaa kali, sato mmoja mkubwa anatosha kuliko wadogo wawili, nyama yake haikauki haraka kwenye moto.

Usiagize kwa kutazama menyu. Nenda pale anapochomea uombe kuona samaki mbichi. "Shikamoo mama, naomba nimchague mwenyewe" inatosha, hakuna anayekasirika. Angalia jicho liwe limejaa na linang'aa, fungua mashavu yawe mekundu, bonyeza mgongo, nyama irudi. Jicho limezama na mashavu ya kahawia, mshukuru uende meza nyingine. Kisha mkubaliane bei kabla hajawekwa motoni, na muulize itachukua muda gani. Samaki mzima wa kuchoma vizuri sio wa dakika kumi, kwahiyo akikuletea haraka sana jua alikuwa ameshachomwa, kapashwa tu.

Ugali, kachumbari, ndimu na pilipili ya kuponda. Mkikuta ugali wa muhogo jaribuni, na kwenye meza za wauza vitafunwa tafuteni michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vya Kisukuma, vya kutafuna njiani.

Baada ya hapo rudini chumbani mlale. Namaanisha. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi Mwanza ni jua na vumbi na honi, hakuna mnachokikosa, na usingizi huo ndio utakaowabeba usiku. Wanaouruka ndio hao wa kununiana saa moja jioni.

## Hatua ya 6: Jumamosi jioni, jua na ziwa

Jua la Mwanza linachelewa kuzama kuliko la Dar kwa zaidi ya dakika 20, sababu tuko magharibi zaidi na saa ni moja nchi nzima. Kutegemea mwezi linazama kati ya saa 12 na dakika 35 na saa 1 na dakika kama 5. Watu wa Pwani wanakuja saa 11, wanakaa, wanachoka, wanaondoka kabla kazi yenyewe haijaanza. Fikeni saa 12 kamili.

Sehemu tatu za kuchagua. Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, ndio picha ambayo kila mtu anaijua, hapana gharama kubwa na mko mjini tayari kwa ajili ya usiku, ila Jumamosi watu ni wengi. Hoteli na migahawa ya Capri Point, mnalipia kinywaji mnapata utulivu. Ufukwe wa upande wa Malaika, kama mnalala Ilemela. Mkiwa Bismarck, picha za jiwe piga upendavyo, lakini mitambo ya bandari na vivuko usielekeze kamera bila kuuliza, utajieleza bure.

Sasa ile sababu ya kutoingia majini. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vinatoka kwa konokono wa maji wanaokaa pembezoni kwenye majani na maji yaliyotulia, na vinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache, huhitaji kuwa na kidonda wala kunywa maji. Kama hamu ya kuogelea imewazidi tumieni bwawa la hoteli. Kama mmeshaingia, jifuteni kwa nguvu na taulo papohapo, na baada ya wiki sita mpaka nane nendeni mkapime, hata kama hamuumwi popote. Dawa yake ipo, prazikwantel, ila mpate kipimo kwanza na daktari ndio awape.

Usiku ni wenu. Mji huu Jumamosi haulali, kuna bendi, kuna muziki wa kuchezwa na DJ, kuna nyama choma na mishikaki, na watu wa Mwanza ni wachangamfu, mtaongeleshwa na meza ya jirani. Mimi ningeshauri sehemu moja mkae mpaka mwisho kuliko kuhamahama sehemu nne. Chukueni namba ya bajaji mmoja tangu mchana, mwenye kauli nzuri, mpigieni aje awachukue saa mliyokubaliana. Msipande bodaboda mshikaki usiku mmekunywa, mmoja anaanguka wote mnaanguka.

## Hatua ya 7: Jumapili, chagueni kitu kimoja

Wenye kawaida ya ibada nendeni ibada ya kwanza. Baada ya hapo ni kimoja, sio viwili.

Kivuko cha Kamanga. Kinatokea palepale mjini kinavuka ghuba kwenda upande wa Sengerema. Kwa nauli ndogo ya abiria wa miguu mnapata safari ya maji, mnauona mji na mawe yake ukiwa unarudi nyuma, na hamjakodi boti. Kabla ya kupanda ulizeni kivuko cha kurudi ni saa ngapi, jibu mlipate kwa mhusika, sio kwa abiria mwenzenu.

Bujora. Makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, kama kilomita 20 barabara ya Musoma. Hii ni kwa wanaopenda kujua watu, kuna nyumba za asili, ngoma, vifaa vya watemi, na masimulizi ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana mpaka leo. Pigeni simu kabla, Jumapili pana kanisa pia na inawezekana mkamsubiri muongozaji. Wanaorudi upande wa Musoma hii iko njiani kabisa, wapite na mabegi yao.

Kukaa tu. Chai ndefu mkitazama maji. Nalo ni chaguo halali.

Visivyowezekana siku hii, naviandika sababu kila mtu anajaribu: Ukerewe, meli peke yake ni masaa kwenda na masaa kurudi, ile inataka wikiendi yake. Na Serengeti, geti la Ndabaka liko mbali barabara ya Musoma, mtalipa kiingilio muone pundamilia wawili mgeuze.

## Hatua ya 8: Dagaa na safari ya kurudi

Dagaa nunueni Jumamosi baada ya kulala mchana au Jumapili kabla ya kila kitu, Mwaloni pale Kirumba ndio soko lenyewe, zinatoka visiwani zinashushwa hapo. Chukua dagaa mmoja umvunje, akatike na sio kupinda, akipinda bado ana unyevu na ataoza kwenye ndoo. Rangi iwe ya fedha sio njano. Kisha tafuna mmoja, ukisikia mchanga kwenye meno basi hizo zilianikwa chini, ulizia za kwenye chanja au kwenye nyavu. Bei ni juu kidogo lakini mama mkwe hatakusema.

Funga mfuniko vizuri, ndoo isikae chumbani kwenye nguo. Wa ndege waulize shirika lao mapema masharti ya kubeba samaki, msije kuachia zawadi kaunta.

Mwisho, muda. Kuwa stendi saa moja kabla ya basi, na uwanja wa ndege saa mbili kabla, na ongeza nusu saa ya foleni kama unavuka katikati ya mji. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuondoka: basi la saa nane Nyegezi, saa saba uko stendi, saa sita na robo uko kwenye bajaji, saa tano na nusu mmeshakabidhi chumba. Ikiandikwa hivyo kwenye simu zenu wote wawili tangu Ijumaa, hakuna wa kumharakisha mwenzie Jumapili.